Dirite ya turbo: namna ya kuifunga ili vumbi la bonde lisile gari la kooperative



Kiangazi kimefika. Mpunga umetoka shambani, mahindi yamekauka, mihogo iko tayari kupakiwa, na magari yameanza kupanda na kushuka kati ya Lubarika, Luvungi, Sange na Uvira. Kila gari likipita linaacha nyuma wingu la vumbi, na gari linalofuata linalivuta. Kwenye namba hii tunazungumza kuhusu piese moja ndogo inayosimama kati ya vumbi hilo na motere yenu: bomba la hewa linalotoka kwenye filtri na kuingia kwenye turbo. Wafundi wetu wengi wanaliita dirite.

Kiangazi kimoja niliitwa kutazama pikapu ya kooperative moja ya huku kwetu bondeni. Ilikuwa imekwama Kamanyola, kabla ya kuanza kupanda Ngomo. Magunia ya mchele yalikuwa juu, na mnunuzi alikuwa anangoja Bukavu. Shofere aliniambia hivi: "Baba fundi, gari halina nguvu tena. Linatoa moshi mweusi, na likipanda kidogo tu linapiga filimbi." Fundi wa kwanza aliwaambia ni enjekteri, wakanunua. Wa pili akawaambia ni pompe ya mazutu, wakalipa. Nilipofungua kapo niliona dirite imepasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki haraka. Mtu alikuwa ameizungushia kipande cha shambrere na kukikaza kwa waya. Niliingiza kidole ndani, kikatoka kimejaa vumbi jekundu. Mabawa ya turbo yalikuwa yamelika kama jembe lililolima mawe.

Mama mtunza kese aliniuliza: "Kumbe ni mpira tu?" Ndiyo mama, ilianza na mpira tu. Lakini siku ile ilikuwa imeshakuwa turbo nzima, na pesa ya kuinunua ilitoka kwenye fungu lililowekwa kwa mbegu za msimu uliofuata. Njo maana naandika maneno haya.

Hewa inafanya kazi gani

Motere inakula na inapumua. Chakula chake ni mazutu, pumzi yake ni hewa. Ili kuchoma lita moja ya mazutu vizuri, motere inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa. Hesabu mwenyewe: hayo ni mapipa 50 ya lita 200, kwa lita moja tu. Gari likitumia lita 20 kwa safari ya kwenda na kurudi, limevuta mapipa 1,000 ya hewa ya barabara yetu, pamoja na vumbi lililomo.

Turbo ni vigurudumu viwili vyenye mabawa kama ya ventilateri, vimefungwa kwenye chuma kimoja. Kigurudumu cha kwanza kinasukumwa na moshi unaotoka kwenye motere. Kikizunguka, kinazungusha na cha pili, ambacho kinavuta hewa kutoka kwenye filtri na kuisukuma kwa nguvu ndani ya motere. Hewa ikiwa nyingi, mazutu yanaungua vizuri na gari linapata nguvu ya kupanda na mzigo. Jambo hili si geni duniani: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905.

Kitu cha kushangaza ni mwendo wake. Turbo ya gari dogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kwa mwendo huo, hata chembe ndogo ya mchanga ikigonga bawa ni kama jiwe lililorushwa kwa kombeo. Mabawa yanalika kwenye ncha, turbo haisukumi tena hewa ya kutosha, na moshi unakuwa mweusi. Vumbi lenyewe haliishii hapo. Linaingia kwenye silinda na kusugua pistoni na pete zake, halafu motere inaanza kula mafuta. Ukifika hapo, hutafuti tena dirite, unatafuta motere nyingine.

Je, gari lenu lina turbo?

Si kila gari la mazutu lina turbo. Land Cruiser nyingi tunazoziona kwenye barabara zetu zina motere ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2. Hiyo ilitoka kiwandani bila turbo, ingawa wapo watu waliowafungisha wafundi turbo baadaye. Toyota Hilux zenye maandishi D-4D zina turbo. Kwa upande wa kamio na makamio madogo, kuna yenye turbo na kuna yasiyo nayo, kwa hiyo usiamini maneno, fungua kapo utazame.

Fuata bomba la hewa kutoka kwenye boksi la filtri. Likienda moja kwa moja kwenye motere, hakuna turbo. Likienda kwanza kwenye kitu cha chuma chenye umbo la konokono, kilichoshikamana na bomba la moshi, hiyo njo turbo yenyewe.

Hata kama gari lenu halina turbo, endelea kusoma. Sheria ya vumbi ni ileile, na mashine ya kukoboa mpunga pia inapumua.

Pande mbili, kazi mbili

Makosa mengi yanatokea kwa sababu mtu anadhani mabomba yote ya hewa ni sawa. Sivyo.

Upande wa kwanza ni kutoka filtri mpaka turbo. Hapa hewa inavutwa. Tundu likiwapo, huwezi kuona kitu kinatoka, kwa sababu hakuna kinachotoka: vumbi njo linaingia, kimyakimya, na limeshapita nyuma ya filtri. Filtri yenu inaweza kuwa mpya kabisa na isisaidie kitu. Tena, mpira ukiwa laini mno, turbo ikivuta kwa nguvu unajikunja na kushikana kama chupa ya plastiki unayoinyonya kwa mdomo. Gari linakosa hewa kwenye mlima, lakini ukisimama kutazama, bomba limesharudi kama kawaida na huoni kosa.

Upande wa pili ni kutoka turbo mpaka kwenye motere. Magari mengi yana radiateri ndogo ya kupoza hewa katikati ya njia hiyo. Hapa hewa inasukumwa na ni ya moto, inaweza kupita digrii 100. Tundu likiwapo, hewa inatoka na sauti, gari linakosa nguvu na moshi unakuwa mweusi. Mpira wa upande huu unapaswa kuwa mnene, wenye tabaka za kitambaa ndani yake, na kolie zenye nguvu, la sivyo utachomoka gari likiwa na mzigo.

Basi ukienda kununua, sema wazi: nataka dirite ya kati ya filtri na turbo, au ya kati ya turbo na motere. Leo tunashughulika zaidi na ile ya kwanza, kwa kuwa njo inayoua bila kupiga kelele.

Kuchagua dirite isiyo ya kiwandani

Dirite ya kampuni iliyotengeneza gari haipatikani kila siku Uvira, na ikipatikana bei ni kali. Watu wengi wananunua ya kampuni nyingine. Si vibaya, ila uangalie mambo haya.

Kipimo. Enda dukani na dirite ya zamani mkononi. Pima mdomo wa turbo na mdomo wa boksi la filtri, upana wa nje, kwa milimita. Upana wa ndani wa dirite mpya ulingane na vipimo hivyo. Mara nyingi midomo hiyo miwili haina upana sawa. Dirite iliyo kubwa mno, ukiikaza kwa kolie, inafanya makunyanzi, na vumbi linapita kwenye kila kunyanzi.

Ugumu. Ibonyeze kwa mkono. Ya upande wa kuvuta iwe na mbavu au waya ndani, ili isijikunje. Ikibonyea mpaka pande mbili zinagusana bila wewe kutumia nguvu, iache dukani.

Mpira wenyewe. Uinamishe na kuutazama vizuri kwenye mikunjo. Piese imeweza kukaa dukani miaka mingi, na mpira uliokauka unaonyesha nyufa ndogondogo. Silikoni inavumilia joto vizuri, lakini silikoni ya kawaida haipendi mafuta, na ndani ya dirite hii huwa kuna mafuta kidogo.

Vidomo vidogo. Dirite nyingi zina kidomo pembeni kinachopokea bomba dogo la pumzi ya motere, lile linalotoka juu ya motere. Ya zamani ikiwa nacho, mpya lazima iwe nacho. Msikubali fundi azibe lile bomba dogo eti "halina kazi". Pumzi ikikosa njia, inasukuma mafuta yatoke kwenye vifungio vya motere na vya turbo. Mafuta mengi yakiingia kwenye njia ya hewa, motere ya mazutu inaweza kuyala na kukimbia yenyewe hata ukizima ufunguo. Baadhi ya magari yana pia kapteri ya kupima hewa, yenye waya. Nayo ihamishwe ilivyokuwa, ikiangalia upande uleule.

Sasa vitu vitatu ambavyo nimeviona vikitumiwa, na ambavyo nawaomba mviache. Cha kwanza ni shambrere: mafuta yanailainisha, na kipande chake kinaweza kuvutwa ndani ya turbo. Cha pili ni bomba la maji la plastiki: linalegea kwenye digrii 70 au 80, joto ambalo linafikika chini ya kapo ukipanda Ngomo na mzigo. Cha tatu ni bomba la chuma lililochomelewa na kufungwa bila kusafishwa ndani. Chembe za kuchomelea na kutu zitakwenda moja kwa moja kwenye mabawa. Bomba la chuma linaweza kufaa, lakini lisuguliwe ndani, lioshwe na kukaushwa, na liunganishwe na vipande vya mpira kwenye ncha zote mbili ili mtikisiko usilipasue.

Kolie mpya zinunuliwe pamoja na dirite. Kolie ya zamani iliyolika meno itawarudisha mlikotoka. Na waya si kolie.

Kufunga, hatua kwa hatua

Kazi yenyewe fundi anaimaliza kwa saa moja au mbili. Vyombo ni vichache: tunevisi, funguo namba 8 na 10, vitambaa safi, maji ya sabuni na futi. Memba mmoja wa komite awepo. Si kwa kumpeleleza fundi. Ni kwa sababu gari ni la wote, na mwenye kuona leo atajua kesho.

1. Gari lisimame mahali pasipo na upepo wa vumbi. Motere izimwe na ipoe, maana upande wa moshi wa turbo unaunguza. Kama kuna kapteri yenye waya, toa kwanza waya wa batri ulio na alama ya kutoa.

2. Kabla ya kufungua kitu chochote, piga picha kwa telefone: dirite ilivyokaa, vibomba vidogo vinakokwenda, waya zilivyopita. Halafu futa vumbi lote la nje kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ukifungua kabla ya kufuta, vumbi la juu linaangukia ndani.

3. Legeza kolie, zungusha dirite taratibu mpaka iachie, uitoe. Usiichokonoe kwa tunevisi kwenye mdomo wa boksi la filtri, plastiki ile inavunjika.

4. Ziba mdomo wa turbo kwa kitambaa safi na kikubwa, kinachoonekana. Kifunge kamba, na kamba hiyo uifunge kwenye ufunguo wa gari. Hivyo hakuna atakayewasha motere kitambaa kikiwa ndani. Usicheke: kitambaa kilichosahauliwa kinaharibu turbo mara moja.

5. Toa kitambaa kidogo utazame mabawa kwa taa. Yawe na ncha nzima. Zungusha kigurudumu kwa kidole, motere ikiwa imezimwa: kizunguke laini bila kugusa ukuta. Kikitikisika kidogo sana kwa pembeni ni kawaida. Kikiingia na kutoka ukikivuta, au kikigusa ukuta, turbo imeshachoka, na dirite mpya peke yake haitaiponya. Afadhali kujua sasa kuliko kujua katikati ya Ngomo.

6. Fungua boksi la filtri. Futa ndani. Tazama raba inayozunguka filtri, kama imekatika au imekaa vibaya. Filtri ya karatasi isioshwe kwa esanse wala mazutu. Ikipulizwa, hewa itoke ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo. Ikiwa imechanika hata kidogo tu, itupwe.

7. Weka dirite mpya sambamba na ya zamani, ulinganishe urefu, pembe na vidomo. Ifute ndani kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke safi.

8. Tia kolie kwenye dirite kwanza. Paka maji ya sabuni kidogo kwenye midomo ili mpira uteleze. Usipake mafuta wala grisi: havikauki, na bomba litachomoka siku ya mzigo. Toa kitambaa kwenye turbo, hesabu vitambaa vyako vyote, halafu sukuma dirite mpaka imeingia vizuri, sentimita mbili na nusu au tatu.

9. Mdomo wa chuma una ukingo ulioinuka kidogo. Kolie ikae nyuma ya ukingo huo, siyo juu yake. Kaza mpaka mpira ushike, bila kuukata. Rudisha vibomba vidogo na kapteri kama picha inavyoonyesha.

10. Tazama dirite inapopita. Isiguse batri, ukanda wa motere, ventilateri wala bomba la moshi. Motere ikiwaka inacheza, kwa hiyo bomba liwe na nafasi. Likiwa refu, lishikwe kwa kishikio cha chuma chenye raba.

11. Washa, uache motere ingurume polepole kwa dakika chache, usikilize. Kwenye upande wa kusukuma, paka povu la sabuni kwenye maungio huku mtu akikanyaga kidogo. Mapovu yakitokea, hewa inatoka. Upande wa kuvuta hauonyeshi mapovu, na tutaona chini namna ya kuupima. Kamwe usipulize esanse au gesi kutafuta tundu: inaweza kuwaka, na motere ya mazutu inaweza kuikimbilia.

12. Baada ya safari ya kwanza, fungua kapo na ukaze kolie tena. Mpira mpya unakaa ukipata joto, na kolie inalegea.

Kipimo cha kitambaa cheupe

Hiki kinaweza kufanywa na memba yeyote, hata asiyejua kuendesha. Baada ya wiki moja ya kazi, zima motere, iache ipoe, futa nje, legeza kolie ya upande wa filtri, uingize kitambaa cheupe ndani ya dirite, kwenye sehemu iliyo baada ya filtri. Kifute na ukitoe.

Kitambaa kikitoka safi, au na mafuta kidogo meusi, kazi ilifanyika vizuri. Kikitoka na vumbi, hata kidogo, kuna njia ya kuingia: raba ya filtri, ufa wa boksi, kolie, au dirite yenyewe. Hapo gari lisiende safari mpaka njia hiyo ipatikane. Toa dirite, ingiza taa ndani yake mahali penye giza, uikunje kunje. Mwanga ukionekana nje, umeona tundu.

Rudia kipimo hiki mara moja kila mwezi wakati wa kiangazi. Andika siku na matokeo kwenye kaye ya gari. Na ukimaliza, kolie ikazwe, mtu wa pili ahakikishe.

"Lakini bomba kubwa linaongeza nguvu"

Mashofere vijana wananiuliza mara nyingi. Wameona kwenye telefone magari ya mashindano yenye bomba pana linalong'aa na filtri ya mviringo iliyo wazi, bila boksi. Wanataka hivyo kwa pikapu ya kooperative.

Ndugu shofere, gari la mashindano linakimbia kwenye barabara ya lami, na motere yake inafunguliwa mara kwa mara. Kwetu, filtri isiyo na boksi inakaa katikati ya vumbi, tena inavuta hewa ya moto ya chini ya kapo. Hewa ya moto ni nyepesi, ina pumzi kidogo ndani yake, kwa hiyo nguvu inaweza hata kupungua. Utasikia turbo inavuma zaidi, ndiyo. Sauti hiyo haipandishi gunia hata moja. Na kwenye magari yenye kapteri, ukibadilisha upana wa bomba pale ilipo, kompyuta ya gari inahesabu hewa vibaya.

Ukitaka nguvu yako irudi, filtri safi, dirite nzima na kolie zilizokazwa zitakurudishia ile nguvu gari lilitoka nayo kiwandani. Jambo moja linalosaidia kweli huku kwetu ni lile bomba refu linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Kule juu vumbi ni dogo kuliko chini ya kapo. Lakini bomba hilo nalo lina maungio yake, na maungio yakiwa wazi ni kazi bure.

Na kuna njia isiyogharimu hata franga: usifuate gari la mbele kwa karibu. Acha vumbi lake litue kwanza.

Maji nayo

Msimu wa mvua ukirudi, shida inageuka. Wengi tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, na mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mpaka kwenye nyumba na barabara. Gari likipita kwenye maji ya kina, mdomo wa kuvutia hewa ukifikiwa, motere inakunywa maji. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikuta maji, chuma kinapinda.

Kwa hiyo mjue mdomo wa hewa wa gari lenu uko kwa urefu gani, na shofere asiingie kwenye maji yanayokaribia hapo. Dirite ikiwa na ufa kwa chini, mahali pa kuvutia hewa pameshashuka mpaka kwenye ufa huo, na maji ambayo gari lilivuka mwaka jana bila shida yanaweza kuliua mwaka huu. Motere ikizimika ndani ya maji, usiiwashe tena. Livuteni gari nje, mfungue boksi la filtri. Filtri ikiwa imelowa, fundi aje kwanza.

Kazi ya komite

Dirite ni ya fundi kuifunga, lakini uamuzi ni wa komite. Haya manne yanatosha.

Kwanza, pesa ndogo ya mapiese itengwe kila baada ya mauzo, kabla ya kugawana. Kwenye ile kooperative ya Kamanyola, shofere alikuwa amesema kuhusu ufa mapema. Aliambiwa angoje mkutano.

Pili, kabla ya kununua enjekteri au pompe kwa gari lenye moshi mweusi na lisilo na nguvu, mwambieni fundi awaonyeshe kwanza njia nzima ya hewa, kutoka mdomo wa kuvutia mpaka motere. Kuangalia hakugharimu kitu.

Tatu, piese ya zamani irudi mkononi mwa komite, pamoja na fakture. Mtaona wenyewe kilichoharibika.

Nne, shofere apewe dakika zake. Akitoka kupanda mlima na mzigo, aache motere ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili mafuta yaipoze turbo. Akiwasha asubuhi, asikanyage mara moja. Memba wasimpigie kelele kwamba anachelewesha watu.

Kwa wale wenye mashine ya kukoboa mpunga au ya kusaga: nyingi hazina turbo, lakini zinafanya kazi ndani ya nyumba iliyojaa pumba na unga. Leo jioni, mashine ikipoa, ingizeni kitambaa cheupe kwenye bomba lake la hewa, baada ya filtri. Mkiona vumbi, mmeshajua pa kuanzia.

Someni ukurasa huu pamoja na shofere wenu na fundi wenu, kapo ikiwa wazi. Kazi njema na mavuno mema.